Hakuna, Sikuona, Sijaona

Maalim wangu wa ushairi anaishi Ngamiani, mjini Tanga, katika nyumba yenye baraza pana ambapo kahawa haikauki kuanzia alasiri hadi isha. Ametimiza miaka zaidi ya themanini. Alianza kupeleka tungo zake magazetini akiwa barobaro, kabla ya Uhuru, na tungo yake ya kwanza kuchapishwa ilitokea katika Mambo Leo, jarida la kila mwezi ambalo serikali ya kikoloni ilianza kulitoa Dar es Salaam mwaka 1923 na ambalo liliwapa wasomaji wake nafasi ya kujibizana kwa mashairi. Toka hapo hakuacha. Magazeti yalizaliwa na kufa, yeye akabadilisha anwani kwenye bahasha tu.

Sasa alikuwa akiandaa diwani. Kwa muda mrefu alikuwa amekusanya vipande vyake vya magazeti ndani ya kasha la bati, na mjukuu wake akavipiga chapa kimoja kimoja. Ilibaki dibaji. Siku moja nilipokwenda kumsabahi, baada ya shikamoo na marahaba, akaniambia: "Mwanangu, wewe una njia ya kuingia katika maktaba ya chuo kikuu. Nitazamie jambo moja. Je, wanazuoni wamewahi kutuandika sisi watunzi wa magazetini? Sisemi wale wakubwa ambao vitabu vyao vinafundishwa shuleni. Nasema sisi."

Nikamwahidi. Niliporudi Dar es Salaam nikaenda maktabani, nikaketi mbele ya kompyuta, nikafungua kanzidata ya majarida ambayo maktaba ile imejiunga nayo. Ukurasa ulikuwa mtupu isipokuwa kisanduku kirefu cha kuandikia katikati. Nikachagua kutafuta katika vichwa vya makala, kwa sababu nilidhani makala yenye thamani lazima itangaze mada yake kichwani. Nikaandika ndani ya alama za kunukuu: "ushairi wa magazetini". Nikabonyeza. Jibu likaja kabla sijaondoa kidole: sifuri. Nikajaribu "mashairi ya magazeti". Sifuri. Nikajaribu "watunzi wa magazetini". Sifuri tena. Kazi yote haikuzidi robo saa, na nakiri kwamba niliona fahari kidogo kwa wepesi wangu.

Jioni nikampigia simu. "Hakuna, Maalim," nikamwambia. "Hakuna aliyeandika."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua." Sauti yake haikuwa ya furaha.

Baada ya wiki mbili nilikuwa Tanga tena. Barazani walikuwepo watu kama kumi, na Maalim akamtaka mjukuu wake asome dibaji kwa sauti. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba tangu magazeti ya Kiswahili yaanze kuchapa mashairi hadi leo, hakuna mwanazuoni hata mmoja aliyejali kuwatazama watunzi wake. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akafuta macho kwa ncha ya kikoi chake. Nami nilikuwa nimekaa palepale, kikombe mkononi, nikijua kwamba sentensi ile ilisimama juu ya robo saa yangu.

Huenda ningeisahau lau si mkutubi mmoja. Nilikuwa nimerudi maktabani kwa shughuli nyingine, nikawa namsimulia kisa cha dibaji ile kama mtu anayesimulia ushindi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Kaka, uliandika nini hasa kwenye kisanduku?" Nikamwambia. Akavuta karatasi, akachora mistari miwili ya wima iliyoigawa sehemu tatu, akanipa kalamu.

"Hapa," alisema akionyesha sehemu ya kwanza, "andika kila neno ambalo mtu angeweza kulitumia akimaanisha ushairi. Kiswahili na Kiingereza, na lugha nyingine kama unaijua."

Nikaandika: shairi, mashairi, ushairi, mshairi, washairi, utenzi, utendi, tenzi, tendi, tungo, poem, poetry, verse. Katika sehemu ya pili: gazeti, magazeti, magazetini, newspaper, press. Katika ya tatu nikaandika Kiswahili, nikafikiri nimemaliza. Akanitazama. "Wazungu wanaiitaje?" Nikaongeza Swahili. "Na Wajerumani?" Nikaongeza Suaheli. "Na kama mwandishi hakutaja lugha kabisa, akataja nchi?" Nikaongeza Tanzania, Tanganyika, Zanzibar. Karatasi ikajaa.

Hapo akanifundisha kanuni ambayo kila mwanafunzi wa maktaba huifahamu nami sikuwa nimeifahamu. Maneno ya sehemu moja huunganishwa kwa OR, yaani "au": mashine ilete makala yenye neno lolote kati ya hayo. Sehemu na sehemu huunganishwa kwa AND, yaani "na": makala iwe na walau neno moja kutoka kila upande. Lipo na la tatu, NOT, la kutolea yasiyotakiwa, ila alinionya nilitumie kwa hadhari kwa kuwa hutupa mchele pamoja na pumba. Mantiki hiyo ni ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19, aliyeonyesha kwamba "na", "au" na "si" vinaweza kukokotolewa kama hesabu. Nilifikiri jinsi sisi watu wa lugha tunavyovipita viunganishi kama vumbi la njiani, kumbe mtu mmoja alivitazama vikamtosha kujenga elimu nzima.

Tulipokuwa tukiandika, nikauliza kama haiwezekani kufupisha. Nilikwisha kusikia kwamba ukiweka nyota mwishoni mwa shina la neno, mashine hukuletea miisho yote. Akatabasamu. "Kwa Kiingereza, ndiyo. Andika poe na nyota, utapata poem, poems, poet, poetry, poetic. Sasa andika shairi na nyota."

Nikaelewa kabla ya kuandika. Neno letu halikui kwa mkiani peke yake. Hukua pia kwa kichwani. Shairi, mashairi, ushairi, mshairi, washairi, kishairi: shina ni lilelile, lakini kila mara limejificha nyuma ya kiambishi kingine, na mashine inayosoma kutoka kushoto haiwezi kulitambua. Nyota ingepaswa kukaa mbele, na kanzidata nyingi nilizozitumia haziruhusu hivyo. Na kwa tungo hali ni ngumu zaidi, kwa maana shina lenyewe hubadilika likikutana na kiambishi tamati: anayetunga ni mtunzi, kazi yake ni utunzi, na alichokitunga ni utungo. Masikio yetu yanajua kwamba hao wote ni ndugu wa tumbo moja. Mashine inaona wageni watatu.

Jambo hili si geni kwa watunga kamusi. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939, alipanga nomino nyingi chini ya kitenzi kilichozizaa, hivyo msomaji wa mtunzi hana budi kwenda kwenye tunga. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilishika njia nyingine, kila nomino ikakaa kwa herufi yake ya mwanzo: mtunzi kwenye M, utunzi kwenye U. Njia ya kwanza humtaka msomaji ajue nasaba, ya pili humtaka ajue sura. Kanzidata haina nasaba hata kidogo, ina sura tu. Anayejua nasaba ni wewe unayeuliza, na usipoileta mezani, haitaletwa na mwingine.

Basi tukaingiza ile karatasi yote, safari hii si kwenye vichwa peke yake, bali pia kwenye ikisiri na maneno muhimu. Orodha ikashuka, ukurasa baada ya ukurasa. Mengi hayakuhusu. Lakini katika yale yaliyohusu, niliiona makala ya Kelly Askew iliyochapwa mwaka 2014 katika Journal of Eastern African Studies. Kichwa chake kinaanza kwa maneno matatu: "Tanzanian Newspaper Poetry".

Nilikisoma kichwa kile mara mbili tatu. Ushairi wa magazetini Tanzania. Ndicho hasa nilichokuwa nimekiandika kwa Kiswahili, na kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza. Wala neno Swahili halimo kichwani, kwa hiyo hata ningetafuta "Swahili poetry" kwenye vichwa, kama wengi wafanyavyo, ningeipita. Makala haikuwa imefichwa. Ilikuwa wazi, katika jarida linalojulikana, ikiwa na jina linalosema kila kitu.

Nilibaki maktabani siku ile hadi taa zikazimwa. Mkutubi alinipa nywila ya kuingilia kutoka nyumbani kupitia maktaba, kwa kuwa makala kama zile ukizifikia bila mlango wa maktaba unaonyeshwa ikisiri na bei, basi. Siku zilizofuata nikawa nakaa usiku, mtandao ukitulia, najifunza upya jinsi ya kuuliza. Na kila nilipouliza vizuri zaidi ndivyo nilivyotambua ni mara ngapi maishani nimesema "hakuna" nikiwa mlangoni.

Chukueni mfano wa jarida letu wenyewe. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilikuwa na taarifa yake ya kuchapwa. Baadaye ikawa jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kisha likaitwa Swahili, na mwisho likaitwa Kiswahili, jina ambalo limedumu chini ya taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni mto mmoja wenye majina manne. Anayetafuta jina la leo pekee hukosa mambo ya jana, ambamo tenzi nyingi za kale zilitolewa na kujadiliwa. Au chukueni Swahili Forum, ambalo sasa lina tovuti yake na husomwa bure: lilianza mwaka 1994 likiwa ndani ya mfululizo wa Kijerumani wa mjini Cologne ulioitwa Afrikanistische Arbeitspapiere. Mtu akikutajia makala ya wakati ule kwa jina la mfululizo, utaitafuta Swahili Forum bila kujua kwamba umekwisha kuishika mkononi.

Majina ya lugha yenyewe ni mtihani wa pili. Wakutubi wa Marekani, ambao vichwa vyao vya mada hufuatwa na maktaba nyingi duniani, hupanga kazi zetu chini ya "Swahili poetry", pasipo ki-. Carl Büttner alipochapa mkusanyo wake wa fasihi yetu mjini Berlin mwaka 1894, aliandika Suaheli. Ernst Dammann alipotoa tungo za lahaja ya Lamu mwaka 1940, naye aliandika Suaheli. Baharini kwetu hilo si neno. Lakini mtafiti wa utendi asipoliandika, amewafungia nje watu waliokaa na hati zetu miaka mingi. Na hapohapo kwenye utendi, mwenye kuandika utenzi peke yake amemwacha Mwamu nyumbani, na mwenye kuandika utendi peke yake amemwacha Mmrima.

Siku ya tatu nikapata ujasiri wa kupiga simu Tanga. Kurasa za diwani zilikuwa tayari kwa mpiga chapa. Nikaamkia, nikaitikiwa, nikasema yote bila kupamba.

Maalim hakukasirika, na hilo liliniuma kuliko ghadhabu. "Uliuliza kwa lugha gani?" akaniuliza.

"Kwa Kiswahili, Maalim."

"Na yeye ameandika kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

Kimya kikapita, nikasikia mlio wa baiskeli barabarani kwake. "Basi tumeandikwa," alisema, "lakini tumeandikwa pahala ambapo sisi wenyewe tukijitafuta hatujioni." Kisha akaongeza, "Nisomee."

Nikamsomea makala kwa simu, jioni tatu mfululizo, nikiifasiri papo kwa papo kadiri ya uwezo wangu. Pale ilipotajwa siasa, kwa maana mwandishi anayatazama mashairi ya magazetini kama maoni ya kisiasa, Maalim aliniambia nisimame. "Siasa ilikuwemo, hasemi uongo. Lakini sisi zaidi tulikuwa tunapimana. Mtu akitoa fumbo Mwanza, nalifumbua mimi Tanga, na wote Tanganyika wanangoja toleo lijalo waone nani kapatikana. Hilo nalo alijue." Akafikiri. "Mwambie mpiga chapa asubiri."

Dibaji ikaandikwa upya. Ile sentensi ya kwanza ikafutwa, na mahali pake Maalim akaweka salamu kwa mwanazuoni aliyemtazama kutoka mbali, kisha hoja zake, moja baada ya moja, kama alivyokuwa akiwajibu wapinzani wake wa zamani kwenye kurasa za gazeti. Lalamiko limegeuka malumbano, na kwa mtunzi wa magazetini hiyo ni heshima kubwa. Nikawaza kwamba kama kosa langu lisingegunduliwa, mzee huyu angekwenda na huzuni isiyokuwa na msingi, na wasomaji wake wangeirithi.

Wapenzi wa lugha, nimeandika haya kwa sababu nadhani Kiswahili chenyewe kina dawa ya maradhi yangu, nami sikuitumia. Tazameni tunavyoweza kujibu anayetuuliza kama kitu kipo. Tunaweza kusema "hakuna", nasi tumehukumu juu ya ulimwengu mzima. Tunaweza kusema "sikuona", nasi tumeeleza tendo letu lililopita na kufunga mlango. Na tunaweza kusema "sijaona". Kiambishi kile kidogo, -ja-, kinabeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba hadi sasa jambo halijawa, na kwamba bado linaweza kuwa. Anayesema sijaona ameacha kiti kitupu kwa ajili ya mgeni anayeweza kufika. Mtafiti yeyote aliyetoka kwenye kisanduku kitupu cha kanzidata hana kauli ya kweli zaidi ya hiyo. Lugha yetu imetupa wakati maalumu kwa ajili ya unyenyekevu huo, nasi tunaukimbilia uhakika.

Upo na wajibu wa upande wa pili, wa sisi tunaoandika. Nimekutana na makala nzuri za Kiswahili ambazo hazina ikisiri, hazina maneno muhimu, na vichwa vyake ni methali au fumbo tupu. Fumbo ni mali yetu, sisemi tuliache. Lakini mwenye kuzika hazina huweka alama juu yake. Kichwa kikiwa fumbo, ikisiri iwe wazi: itaje utanzu, mahali, kipindi na lahaja, na maneno muhimu yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha za wale tunaotaka watuone. Waandikao kwa Kiingereza kutuhusu nao wangetutendea haki kama wangeongeza mistari michache ya ikisiri kwa Kiswahili. Tovuti ya African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 ili majarida ya bara hili yaonekane, imerahisisha njia. Lakini njia haimsaidii mtu ambaye bango la nyumba yake halisomeki.

Maalim alilielewa hili upesi kuniliko. Nilipomweleza maana ya maneno muhimu, alicheka, akasema hiyo ni kazi ya manju anayetaja ukoo wa bwana harusi mlangoni. Sasa chini ya dibaji yake kuna mstari mmoja: ushairi, mashairi, tungo, magazeti, malumbano, Tanga, na baada yake maneno yaleyale kwa Kiingereza, ambayo alinitaka nimtajie herufi kwa herufi.

Usiku ule alinitumia ujumbe kwa simu, bila salamu. Ulikuwa na beti moja:

Hakuna ni neno zito, usilitamke mbio,
Kwanza uivuke mito, ukatege na sikio,
Bahari huficha vito, hawavioni wendao,
Sema sijaona bado, ukaanze tena leo.

Kesho yake akapiga mwenyewe, jambo ambalo hafanyi mara nyingi. Alikuwa na swali moja lililobaki, na nilihisi kwamba ndilo alilokuwa nalo tangu mwanzo. Katika makala zote hizo, akauliza, je, ile lakabu yake ya gazetini, aliyoitumia miaka yote, imetajwa mahali popote?

Leo asubuhi nimekwenda maktabani nikaitafuta kwa kila tahajia ninayoweza kuifikiria, pamoja na ile ambayo wahariri wa zamani walikuwa wakiikosea. Nimempigia kumpa jibu.

"Sijaiona, Maalim," nimemwambia.

"Haya," akasema. "Kesho, basi."